Rada au picha za setilaiti: kipi kinamfaa mwanika dagaa Ukerewe?

MamaDagaa: Wakuu, habari za leo. Naanika dagaa mchangani. Mvua ikiwakuta hawajakauka, mzigo unaishia kwa wafuga kuku kwa bei ya kutupa. Kijana wangu ameniwekea picha za setilaiti kwenye simu, lakini mara nyingi naona wingu jeupe limetanda na hapa halidondoki hata tone. Wengine wananiambia nifuate rada ya Mwanza. Ipi afadhali?

MzeeWaBarometa: Dada, hizo mbili haziangalii kitu kimoja. Meteosat, setilaiti ya hali ya hewa inayotoa picha hizo, iko juu ya Bahari ya Hindi, umbali wa kilomita 36,000 hivi. Inachopima ni ubaridi wa paa la wingu. Paa la baridi kali ni dalili ya radi, ila upepo wa juu hulitandaza mbali na mvua yenyewe, ndiyo maana wewe unaona jeupe na mchanga mkavu. Rada hurusha mawimbi yakagonga matone na kurudi. Ikiwa ya Dopla, inaonyesha pia kama matone yanakuja au yanakwenda.

NahodhaMusoma: Mzee, malizia basi. Dunia imepinda, mwale wa rada haupindi kiasi hicho. Ukiinuliwa nusu digrii tu, kilomita 100 mbele uko juu kama kilomita moja na nusu, na manyunyu ya chini hauyagusi. Ukerewe hamna neno, sisi Musoma tuko mbali. Halafu kazi yetu ni usiku, na usiku ndipo pepo za nchi kavu zinapokutana katikati ya ziwa na kuinua radi. Mimi nashikilia setilaiti: ziwa zima, kila dakika 15.

BodaKampala: Hata kwangu setilaiti peke yake haitoshi, mimi nafuatilia moshi wa mji. Setilaiti ya hewa chafu, Sentinel-5P, inapita mara moja kwa siku, mchana, na inapima gesi kama naitrojeni dayoksaidi tangu chini hadi juu. Moshi wa mkaa wa saa kumi na mbili asubuhi inaukosa. Hapo vipimo vya hewa vya AirQo, mradi wa Chuo Kikuu cha Makerere, vilivyofungwa huku huku mitaani, vinaishinda.

MamaDagaa: Kwa hiyo alfajiri setilaiti, na kabla ya kumwaga dagaa naangalia rada? Bando langu litatosha?

MzeeWaBarometa: Litatosha, achana na video. Fungua picha mbili za rada zilizopishana dakika chache, utaona doa linaelekea wapi. Likija upande wako, kusanya.