Nauziwa nyumba bila ardhi Kisauni, nichukue?

KaraniWaMizigo: Salaam aleikum wenzangu. Napanga vyumba viwili Tudor, Mombasa, kwa 18,000. Juzi mwenye nyumba kaniambia kuanzia Januari ni 23,000, na maji bado nanunua kwa mkokoteni, mitungi minne kila siku. Nafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini. 2019 makontena yalipoamriwa kupanda treni ya SGR hadi Nairobi, kazi ilinywea. 2022 shughuli zilirudishwa huku, lakini mshahara wangu haukurudi nazo. Sasa kuna mzee Kisauni ana nyumba ya Kiswahili, vyumba sita, anataka 900,000, bila ardhi. Nikae viwili, vinne nipangishe. Mke wangu ameshaanza kuchagua rangi za ukuta. Mwasemaje?

BintiLikoni: Kaka, hiyo 900,000 ni ya kuta na mabati. Mchanga chini yake una mwenyewe, na utamlipa kodi ya kiwanja. Bila hatimiliki huna cha kuweka rehani benki, ukitaka kukarabati ni mfuko wako tu.

MzeeWaMajengo: Msimtishe kijana. Majengo sehemu kubwa ilijengwa hivyohivyo. Sisi tumezaliwa humo, tumeoza mabinti humo. Muhimu risiti za kiwanja ziwe hazijakatika.

Fundi_Mishomoroni: Kabla ya risiti, panda juu ukatazame boriti. Mchwa wa Kisauni hawana huruma.

BintiLikoni: Mzee, nyinyi mwenye ardhi mwamjua. Siku hizi warithi wanauza kiwanja kizima, mnaamka mnakuta mnunuzi na makaratasi yake.

Hesabu254: Mbona Tudor imepanda? Kisiwa hakiongezeki, na fleti nyingi za Nyali sasa hupangishwa watalii kwa siku, kwa hivyo wapangaji wa kawaida tunabanana kwengine. Na kama mwenye nyumba alijenga kwa mkopo, 2024 riba ya Benki Kuu ilifika asilimia 13, wewe ndiye unayemlipia. Ukihamia Mtwapa kodi itashuka, ila ujumlishe nauli ya watu wawili kwenda na kurudi. Likoni feri kwa miguu ni bure, lakini foleni ya asubuhi nayo waijua.

KaraniWaMizigo: Nimempigia yule mzee nikamuuliza kuhusu mwenye ardhi. Anasema kodi ya kiwanja ilikuwa ikipitia kwa mjumbe, na mjumbe alifariki. Risiti ya mwisho ni ya 2011. Mke wangu amezirudisha zile karatasi za rangi dukani.