Naomba ushauri: chuo chenye jina Marekani kwa mkopo, au Ujerumani kwa ada nafuu?

Wakuu, naombeni ushauri. Mtanzania amepata nafasi mbili za uzamili wa sayansi ya data: chuo chenye jina kubwa Marekani, kwa mkopo wa dola 60,000, na chuo cha umma Stuttgart, Ujerumani. Achague kipi?

Mkopo ndio unaonitia hofu. Kwa riba ya asilimia 12, miaka miwili ya masomo bila kulipa chochote inaongeza dola 14,400, na hapo riba bado haijazaa riba. Deni linafika 74,400. Ukilirejesha kwa miaka 10, ni takriban dola 1,067 kila mwezi. Mshahara wa shilingi haubebi mzigo huo, na shilingi ikishuka, rejesho linapanda. Yaani lazima ubaki Marekani: OPT (kibali cha mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi baada ya kuhitimu) inatoa miezi 12, fani za sayansi na teknolojia huongezewa 24, kisha ni bahati nasibu ya H-1B (viza ya kazi), isiyojali jina la chuo.

Stuttgart ada ni euro 1,500 kwa muhula. Ila viza inadai euro 11,904 ziwekwe kwanza kwenye akaunti maalumu, unachota 992 kwa mwezi. Wengi hukwama hapa, ingawa hela hiyo ni ya kujikimu mwenyewe.

Mnaoajiri Dar es Salaam na Nairobi, jina la chuo linaongeza mshahara kiasi gani hasa? Na je, inafaa kuomba nafasi ya Marekani iahirishwe mwaka mmoja ili kutafuta ufadhili wa idara ya chuo?