Wauza samaki wa mapambo Mbeya, acheni kutuuzia kambale wadogo kama mafagio!

Wakuu, nina hasira na leo nitasema.

Mwezi Mei nilinunua koridorasi wanne wa madoa, vile vikambale vyenye deraya, kwa muuzaji mmoja hapa Mwanjelwa. Elfu kumi na mbili kila mmoja. Nikamuuliza wanakula nini. "Hao usiwalishe, wanakula uchafu wa wenzao." Akaniuzia na kokoto nyeusi zenye ncha, pamoja na hita, akasema niiweke nyuzi 28 maana Mbeya kuna baridi.

Amebaki mmoja.

Hakuna samaki wa kuishi kwa kinyesi cha mwenzake! Huyu anakula minyoo na vidudu anavyovitafuta mchangani kwa sharubu. Kwenye kokoto zile sharubu zilichubuka, zikaoza, vikabaki vishina tu mdomoni. Na kwa kuwa ubavuni wamefunikwa safu mbili za mifupa, sikuwaona wakikonda. Nimekuja kumgeuza wa kwanza kufa, tumbo limeingia ndani kabisa. Alikufa njaa ndani ya nyumba yangu, jamani.

Hita ndiyo inaniuma zaidi. Samaki huyu kwao ni Argentina, Uruguay na kusini mwa Brazili, kwenye kipupwe cha kweli. Nyuzi 18 hadi 23 zinamtosha. Yaani huyu ndiye wa kufugwa huku kwetu, Mbeya, Iringa, Njombe, na mimi nimenunua umeme miezi miwili kumchemsha! Walikuwa wanapanda juu kila mara kumeza hewa, nikadhani wanacheza. Kumeza hewa mara mojamoja ni kawaida yao, wanaivuta oksijeni kwa utumbo. Ila kila dakika? Maji ya moto hayashiki oksijeni nyingi, walikuwa wanakosa pumzi.

Na asiniambie hakujua. Samaki huyu anafugwa Ulaya tangu karne ya 19. Nilipomrudia alinijibu, "Samaki ni wa kufa tu, chukua wengine nikupunguzie."

Kokoto nimetupa, nimeweka mchanga laini wa mtoni niliouosha mara saba, hita nimezima. Aliyebaki anakula, lakini amejibanza nyuma ya filta siku nzima. Hawa ni samaki wa kundi, sita na kuendelea. Mdau wa Mbeya au Iringa anayewazalisha mwenyewe, niuzie watano. Nitawafuata popote, hata Makambako.