Naomba ushauri: sanaa ya Ugiriki kwa siku moja Athens, nianzie wapi?

Habari zenu wakuu. Mwezi ujao nitapita Athens na mama, tuna siku moja tu. Ninachokitamani kuliko vyote ni ile sanamu ya shaba iliyoopolewa baharini karibu na rasi ya Artemision mwaka 1926 na 1928, mikono imetanuka tayari kurusha kitu, macho yamebaki matundu matupu. Iko Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia. Lakini Makumbusho ya Benaki nako kuna picha ya Mtakatifu Luka akimchora Bikira Maria, kazi ya mchoraji El Greco kabla hajaondoka kisiwa cha Krete.

Waliofika huko, yote mawili yanawezekana bila kukimbizana? Makumbusho ya Akropoli niyaache kweli? Roho inaniuma. Mama magoti yanamsumbua, hivyo nielezeni pia habari za ngazi na usafiri.