Ukoo wa Wete: Pemba ipi?

Salma: Assalaam aleykum. Mmeiona hii klipu? "Pemba yajaa wakimbizi, mashua zashusha watu usiku na mchana." Kuna nini huko? Mie niko Darajani, mikono inanitetemeka.

Suleiman: Wete hapa mvua imetunyemelea, karafuu zilikuwa juani majamvini, tunazikimbiza ndani. Wakimbizi ndio hao 😂

Shangazi Mize: Sule, usicheke.

Ami Khamis: Waaleykum salaam. Salma, hiyo ni Pemba ya Msumbiji, mji mkuu wa Cabo Delgado. Na ni ya Machi 2021, mji wa Palma ulipovamiwa na waasi. Sikiliza wanavyosema, Kimwani hicho, lugha ya huko, ukitega sikio unashika maneno.

Salma: Alhamdulillah, nimepumua.

Ami Khamis: Umepumua wewe. Wale walijificha porini, kisha wakapanda chochote kinachoelea. Na wengi hawakwenda kambini, walipokewa majumbani, na wenyeji wenyewe hawana kitu.

Suleiman: Si SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, walipeleka askari, na wetu wakiwemo?

Ami Khamis: Julai 2021, miezi minne baada ya Palma. Warwanda nao wakaenda mwezi huo huo. SADC wakaondoka 2024. Sisemi hawakufanya kazi. Lakini usiku wa kukimbia askari hajafika bado, raia analindwa na njia na mlango wa mtu. Na mlango wetu ulikuwaje? UNHCR, shirika la wakimbizi la UN, walisema mwaka ule maelfu waliovuka mto Ruvuma kuja Tanzania walirudishwa Msumbiji, wakashushwa Negomano, ng'ambo ya mpaka.

Suleiman: Na Kitaya je, Ami? Oktoba 2020 waasi hao hao walivuka wakaua watu kijijini pale, Mtwara. Utamjuaje mkimbizi na aliyejificha ndani yao?

Ami Khamis: Hapo una haki kuuliza. Mpekue, muandikishe, mpeleke mbali na mpaka. Ila mama mwenye mtoto mgongoni humrejeshi kwenye mapanga, na sheria ya wakimbizi ndivyo isemavyo tangu 1951.

Shangazi Mize: 🎤 1:48

Suleiman: Bando langu halifungui voisi. Kasemaje?

Salma: Anasema Januari 2001, watu walipopigwa risasi Pemba yetu, zaidi ya 2,000 walivuka kwenda Kenya, wengi Shimoni. Yeye alipanda mashua usiku, hana kiatu. Walipofika, mvuvi mmoja akaingia majini mpaka kifuani akampokea mtoto kwanza. Hakuuliza karatasi. Aliuliza, "Kesha nyonya huyu?"

Salma: Shangazi, mtoto gani? Wewe 2001 ulikuwa hujaolewa.

Suleiman: Mie ile klipu nshaituma kikundi cha mpira 🙈 Nawaandikia sasa hivi ni Pemba ipi na mwaka gani.

Salma: Shangazi?

Shangazi Mize: Ulikuwa na miezi saba. Mamako alikuja na mashua ya pili. Ukanitapikia kanga njia nzima.