Wiki ya Kiitaliano Afrika: filamu za waliyoyafanya Ethiopia na Libya ziingie kwenye ratiba au zibaki nje?

Wakuu salama. Naileta hii tuijadili vizuri kwa sababu kila ikiguswa watu wanarushiana maneno mawili matatu halafu inaishia hapo hapo.

Kwa wasioijua, kila mwaka mwezi wa kumi Italia inafanya Wiki ya Lugha ya Kiitaliano Duniani. Ilianza 2001, wizara yao ya mambo ya nje ikishirikiana na Accademia della Crusca, taasisi ya lugha ya kule Florence ambayo ipo tangu 1583, yani hata Fort Jesus ilikuwa haijaanza kujengwa. Tangu 2018 wakaongeza na programu ya sinema, Fare Cinema. Balozi zao na vituo vyao vya utamaduni, ambavyo viko zaidi ya 80 duniani na Nairobi kipo na Addis Ababa kipo, wanaonyesha filamu, wanaweka maonyesho ya picha na usanifu na mitindo, wanaalika waandishi.

Mimi naipenda hii kitu na sitaki mtu aelewe vibaya. Sinema ya Kiitaliano imenifundisha kumwangalia mtu maskini kwa heshima na lugha yenyewe ni tamu. Ninachosema ni hiki: wakiileta sherehe Afrika, hasa upande wetu huu, walau usiku mmoja wa filamu na kona moja ya maonyesho iwe ya kile walichofanya Ethiopia, Eritrea, Somalia na Libya. Na wakionyeshe wao wenyewe, wasisubiri sisi tulalamike.

Wapo wanaosema sherehe ni sherehe, mtu akikualika kutazama filamu humuulizi habari za babu yake. Sawa, lakini babu yake alikuja kwa babu yetu. Oktoba 1935 jeshi la Mussolini liliingia Ethiopia, wakamwaga gesi ya sumu kutoka kwenye ndege, na wizara ya ulinzi ya Italia haikulikubali hilo mpaka 1996. Februari 19, 1937 pale Addis Ababa Graziani, mtawala aliyewekwa na Italia, alirushiwa mabomu ya mkono, yeye akapona, halafu siku tatu watu waliuawa mitaani na nyumba zikachomwa moto. Ethiopia yenyewe inasema waliokufa ni 30,000, wapo wanahistoria wanaotaja karibu 20,000. Kule Libya, Omar al-Mukhtar, kiongozi wa wapiganaji waliowapinga, mzee wa zaidi ya miaka 70, walimnyonga Septemba 1931 mbele ya maelfu ya watu wake. Na sisi tusijifanye tulikuwa mbali, Moyale waliiteka 1940, mwaka uliofuata askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Waafrika, kutoka Kenya, Uganda na Tanganyika wakaenda kupigana nao Somalia na Ethiopia, halafu mateka wa Kiitaliano wakaletwa Kenya kwa maelfu. Lile kanisa dogo ukishuka Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu ni wao walilijenga 1942. Hiyo peke yake ni maonyesho kamili, tena ina ubinadamu ndani yake, kijana wa Kiitaliano amepelekwa vitani na watawala wake anaishia kubeba mawe kwenye mteremko wa Kenya.

Sasa kwenye filamu ndo pananiuma zaidi. Ile Lion of the Desert ya 1981, ya Moustapha Akkad, Anthony Quinn akiwa Omar al-Mukhtar, Italia iliizuia 1982 kwa hoja kwamba inavunjia jeshi heshima. Mpaka 2009 Gaddafi alipokwenda Rome ndo ikaonyeshwa kwenye televisheni yao. Ni kweli fedha za kuitengeneza zilitoka kwa Gaddafi na mtu ana haki ya kuikosoa kwa hilo, mimi mwenyewe nakubali, lakini ikosoe watu wakiwa wameiona. Huwezi kujadili kitu kilichofungiwa.

Na kuna historia yao wenyewe inayowajibu. 1952 mwongozaji Vittorio De Sica alitoa filamu ya Umberto D., mzee mstaafu pensheni haimtoshi hata kulipa kodi ya chumba. Giulio Andreotti, ambaye wakati huo ndo alikuwa anasimamia mambo ya sinema serikalini, aliandika barua ya wazi kumlaumu De Sica kwamba anaitumikia nchi yake vibaya, anawaonyesha wageni aibu za Italia. Leo hii filamu za De Sica ndo fahari yao, ukitaja sinema ya Kiitaliano popote duniani unaanzia huko. Filamu iliyoonekana inawavua nguo ndo imewavika heshima miaka zaidi ya 70! Kwa hiyo mtu asiniambie kuonyesha mabaya kunaua utamaduni.

Tukija kwenye maonyesho, Asmara inapendwa sana kupigwa picha, Cinema Impero ya 1937, Fiat Tagliero ya 1938 ile sheli yenye mabawa ya zege, na tangu 2017 mji uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO. Majengo ni mazuri kweli na Waeritrea wenyewe wanajivunia, wana haki, mikono iliyojenga ni ya kwao. Lakini wakoloni hao hao mtoto wa Kieritrea hawakumruhusu kusoma zaidi ya darasa la nne na miji waliigawa kwa rangi. Mimi naona kwenye ukuta ule ule wenye picha ya jengo, hilo nalo liandikwe, mistari mitatu inatosha.

Kwa wadau wa Malindi, Watamu na Kiwengwa naelewa hofu yenu, wageni wenu ni Waitaliano, vijana wamejifunza Kiitaliano ufukweni na hotelini bila kukaa darasani na ndo kinawalisha. Mnaogopa wageni wataudhika. Lakini angalieni Wajerumani, Novemba 2023 rais wao Steinmeier alikwenda Songea akaomba msamaha kwa waliyoyafanya wakati wa Maji Maji. Kuna aliyeacha kujifunza Kijerumani Dar kwa sababu hiyo? Mtalii gani amekataa kuja? Halafu waliofukua habari za ile gesi ni Waitaliano wenzao, mwanahistoria Angelo Del Boca alihangaika nayo miaka mingi huku akitukanwa nyumbani kwao, kwa hiyo tukisema zionyeshwe tunasimama upande wa Waitaliano wa aina hiyo.

Na si lazima iwe damu tu. Wapo wanaoandika kwa Kiitaliano ambao asili yao ni huku, Igiaba Scego wazazi wake ni Wasomali, Gabriella Ghermandi amezaliwa Addis. Hao wakialikwa Nairobi au Mombasa waongee na watu, hiyo ndo lugha ya Kiitaliano inayotuhusu sisi moja kwa moja. Filamu ziwekwe maandishi ya Kiswahili chini, maana za Kiingereza tu zinamwacha nje mzee wa Malindi aliyefanya kazi na Waitaliano maisha yake yote.

NYONGEZA: kuna aliyejibu kwamba Italia ndo inalipia kwa hiyo inaonyesha inachotaka. Kulipia wanalipia, ila ukumbi ni wetu na watazamaji ni sisi, vyuo na makumbusho vinavyoshirikiana nao vinaweza kuomba filamu moja iongezwe kabla ratiba haijapitishwa. Naomba hasa waliowahi kukaa kwenye kamati za sherehe kama hizi waseme, mkiomba kitu cha namna hiyo huwa mnajibiwaje? Na Wasomali na Waethiopia mlioko humu, ninyi mngetaka ianze na filamu gani?