Naomba ushauri: kulinganisha makuyu ya porini na tini za dukani

Habari zenu wakuu. Nalinganisha kalsiamu, sukari na protini ya makuyu ya porini hapa Dodoma na tini za dukani. Tini nilizopata ni kavu: zina kalsiamu kama miligramu 160 kwa gramu 100, wakati mbichi zina 35 hivi, kwa sababu maji yamepungua. Kwa hiyo nataka kulinganisha kwa uzito mkavu. Nimeanika makuyu juani, ila hayakauki sawasawa, na ndani yamejaa nyigu wadogo (ndio wachavushaji wake, si uchafu).

Je, nikaushe kwenye oveni kwa nyuzi ngapi bila kuunguza sukari? Na hao nyigu niwatoe, au nisage nao kwa kuwa mlaji huwala pia? Naogopa watapandisha protini.